Namna ya Kukadiria Mchezaji wa Raga Mwenye Kadi Nyekundu Atafungiwa Mechi Ngapi

Katika baraza la kahawa ninalokaa jioni hapa Ngamiani, Tanga, mazungumzo ya michezo huanza na Coastal Union na mara nyingi hayafiki mbali na hapo. Raga huingia kwa mlango wa king'amuzi tu, pale mechi ya kimataifa inapoonyeshwa na mtu akaona mchezaji anatolewa kwa kadi nyekundu. Hapo swali huwa ni lilelile: atafungiwa mechi ngapi? Wenzangu waliolelewa na kandanda hutaja idadi kwa mazoea, nao hukosea karibu kila mara, kwa sababu katika raga kadi yenyewe haibebi adhabu maalumu. Hesabu yake hupigwa baadaye, na mtazamaji makini anaweza kuipiga mwenyewe kabla kamati ya nidhamu haijakaa, mradi aifuate kwa utaratibu.

Anza kwa kulitambua kosa kwa jina lake. Rafu zote za raga zimekusanywa katika Sheria ya 9 ya mchezo, na Kanuni ya 17 ya World Rugby, ambalo ndilo shirikisho la raga la dunia, imeliwekea kila kosa ngazi tatu za adhabu: ya chini, ya kati na ya juu. Kumkaba mwenye mpira kwa namna ya hatari huanzia wiki 2 kwa ngazi ya chini, wiki 6 kwa ya kati, na wiki 10 au zaidi kwa ya juu. Kumpiga mwenzako kwa kichwa ni 6, 10 na 16. Kung'ata, au kumtia mtu kidole jichoni kwa makusudi, ni 12, 18 na 24, na kikomo chake ni wiki 208, yaani miaka minne. Anayemshambulia mwamuzi huanzia wiki 24 na anaweza kufungiwa maisha. Ukishika namba hizi chache umeshashika sehemu kubwa ya hesabu, kwa kuwa kadi nyingi zinazoonekana kwenye televisheni ni za kukaba vibaya.

Baada ya hapo tafuta ngazi, na hapa ndipo watazamaji wengi hupotea. Wengi hutazama kama aliyechezewa rafu ameumia, au kama aliyecheza alikusudia. Mambo hayo kamati huyapima, lakini hayatoshi, maana uzembe nao ni kosa. Swali la kutangulizwa ni kama kichwa kiliguswa. Mkabaji akimpata mwenzake kichwani au shingoni kwa rafu iliyostahili kadi nyekundu, kamati hairuhusiwi kuanzia chini ya ngazi ya kati, hata kama aliyegongwa aliinuka na kuendelea kukimbia. Kwa hiyo ukaba wowote wa aina hiyo uanzie wiki 6, wala usibishane na mtu juu ya hilo.

Ili kujua kama kosa limestahili nyekundu, fuata maswali manne ambayo mwamuzi mwenyewe hujiuliza: je, kichwa kimeguswa? Je, palikuwa na rafu, au ni ajali ya mchezo? Hatari ilikuwa kubwa kiasi gani? Je, pana jambo la kumpunguzia, kwa mfano mwenye mpira kuinama ghafla wakati mkabaji ameshajipanga? Jambo hilo la mwisho linaweza kuishusha nyekundu ikawa njano, lakini halimsaidii aliyefanya kitendo cha makusudi au ambacho tangu mwanzo ni haramu, kama kumvaa mtu kwa bega bila kumshika. Tangu mwaka 2023, katika mechi kubwa, mwamuzi anaweza kutoa njano na kumwachia ofisa mwingine apitie picha; ofisa huyo ana dakika 8 za kuamua kama njano ibaki au igeuzwe nyekundu. Basi usiifunge hesabu yako mapema. Zipo pia rafu zinazompita mwamuzi bila kuonekana, nazo hushitakiwa baada ya mechi na ofisa aliyewekwa kwa kazi hiyo, kwa sharti kwamba ziwe zimefikia kiwango cha kadi nyekundu.

Sasa punguza. Mchezaji aliyekiri kosa, mwenye rekodi safi, aliyeonyesha majuto na kuwa na adabu mbele ya kamati, anaweza kupunguziwa hadi nusu, na kwa kawaida hapiti hapo. Mwenye madoa ya nyuma hupata pungufu ya nusu, au huongezewa. Mfano mzuri ni wachezaji wawili wa Uingereza wa mwaka 2023. Tom Curry, aliyegongana vichwa na Mallía wa Argentina dakika za mwanzo kabisa za mechi yao ya kwanza ya Kombe la Dunia, alianziwa mechi 6 (wiki moja huhesabiwa mechi moja), akapunguziwa nusu zikabaki 3, kisha akaondolewa moja kwa kukubali kuhudhuria mafunzo ya ukabaji, ambayo World Rugby imeyaweka kwa ajili ya makosa kama hayo. Akakosa mechi za Japani na Chile tu. Owen Farrell, wiki chache kabla, alimgonga Basham wa Wales kichwani kwa bega. Kamati ya kwanza ilimfutia kadi. World Rugby ikakata rufaa, na kamati ya rufaa ikaanza na zilezile 6, lakini ikampunguzia 2 tu. Farrell alikuwa ameshafungiwa mwaka 2016, mwaka 2020 na Januari ya mwaka uleule, kwa hiyo aliyekuwa akimtazamia nusu hakuwa ameisoma rekodi yake.

Makosa ya mdomo yahesabu vilevile, usiyadharau. Dylan Hartley alifungiwa wiki 8 mwaka 2012 kwa kumng'ata mtu kidole, na mwaka uliofuata akafungiwa wiki 11 kwa maneno ambayo mwamuzi aliyachukua kuwa ni yeye anayeitwa mdanganyifu, akaikosa na ziara ya Lions, timu ya pamoja ya Uingereza, Scotland, Wales na Ireland. Ulimi ulimgharimu kuliko meno.

Hatua ya mwisho ni kugeuza wiki kuwa mechi, nayo inataka uwe na ratiba mkononi. Adhabu huhesabiwa kwa mechi ambazo mchezaji angecheza kweli, si kwa siku za kalenda, hivyo wiki za mapumziko hazimsaidii. Zoeza jicho lako kuuliza kama mechi fulani inastahili kuhesabiwa. Sonny Bill Williams wa New Zealand alifungiwa wiki 4 baada ya kadi aliyopewa Wellington kwa kumgonga mtu kwa bega tarehe 1 Julai 2017, katika mechi dhidi ya Lions, na mabishano yaliyofuata hayakuhusu tena bega lake. Yalihusu mechi ya maandalizi ya mwezi Agosti, ambayo All Blacks, yaani timu ya taifa ya New Zealand, walicheza na timu mbili za majimbo kwa zamu. Kamati ilikataa kuihesabu, chama chake kikakata rufaa na kushinda, naye akaweza kuikabili Australia mjini Sydney.

Neno moja kuhusu kadi nyekundu ya dakika 20, ambayo siku hizi huwachanganya watu barazani. Katika mashindano yanayoitumia, timu hucheza pungufu kwa dakika 20 kisha huingiza mchezaji mwingine. Aliyetolewa harudi, na kesi yake haipungui uzito hata kidogo. Nafuu ni ya timu. Yeye bado anaanzia wiki 6 kama amegusa kichwa, na bado mtu wa barazani anapaswa kuuliza maswali yaleyale kwa mpangilio uleule: kosa gani, ngazi gani, rekodi gani, ratiba gani.