Somo: Dada unayeanza kupangisha ofisi na maduka Nairobi, soma hapa kwanza

Maswali ni yaleyale kila wiki, kwa hiyo naandika mara moja.

1. Leseni. Uajenti bila kusajiliwa na EARB, bodi ya usajili wa maajenti wa majengo na ardhi, ni kosa kisheria. Anza chini ya ofisi iliyosajiliwa.

2. Shika eneo moja. Westlands, Upper Hill au Industrial Area, si yote.

3. Kamisheni iandikwe na isainiwe kabla hujamtaja mteja. "Tutaelewana" ya WhatsApp haikulishi.

4. Pima mwenyewe. Hapa ndipo wengi huungua. Kodi hutajwa kwa futi ya mraba kwa mwezi, ila mwenye jengo mara nyingi huongeza kwenye futi hizo fungu la korido, lifti na vyoo. Karatasi ikisema futi 2,000, ndani ya kuta unaweza kukuta 1,700. Beba kipimo cha leza, pima ukuta hadi ukuta, zidisha mita za mraba kwa 10.764. Kisha mpe mteja jumla, si kodi tupu. Mfano: futi 2,000 kwa sh 100 kila futi ni 200,000, ada ya huduma sh 25 kwa futi ni 50,000, VAT asilimia 16 juu ya zote mbili ni 40,000. Ni 290,000 kwa mwezi, na wengi hudai robo mwaka mbele: 870,000, amana na parking bado. Ukimtajia 200,000 halafu ankara ifike, wa kulaumiwa ni wewe.

5. Ghorofa tupu: nenda mchana, na keyateka (mtunza jengo), na mtu ofisini ajue uko wapi.

MASWALI

— Hiyo 200,000 ina VAT ndani?
— Hatua ya 4. Soma tena.

— Kamisheni huwa ngapi jamani, nijibu haraka.
— Ni ile uliyosainiwa. Kama hujasainiwa, ni sufuri.

— Mbona mikataba mingi ni miaka 5 na miezi 3?
— Swali zuri. Mkataba wa duka, hoteli au mgahawa usiozidi miaka 5 huangukia Sura ya 301, sheria inayomlinda mpangaji wa biashara: mwenye jengo hapandishi kodi wala hamtoi mpangaji bila notisi rasmi, na mpangaji akipinga, kesi huenda kwenye baraza la kodi za biashara. Miezi 3 hiyo inauvusha miaka 5, unatoka nje ya sheria hiyo. Ila ukimwahidi mteja kipengele cha kuondoka mapema, kabla ya miaka 5, mkataba unarudi kulekule. Na "duka" kisheria ni pana, saluni pia imo. Mwachie wakili aandike.

— Landilodi ananiambia nimlete "bosi wangu".
— Barua ya masharti, ile ya kabla ya mkataba, itoke kwa jina lako na simu yako. Atakutafuta tu.

— Nyongeza: ulizeni jenereta inabeba nini. Nyingine ni taa na lifti pekee, AC zinalala.
— Kweli, na ulizeni kama dizeli iko ndani ya ada ya huduma au inatozwa kando.