Intaneti ya nyumbani ikikatikakatika, soma taa za ruta kabla hujapiga simu

Kuzima ruta na kuwasha si matengenezo. Mtandao utarudi, utashukuru Mungu, halafu kesho utakatika palepale kwa sababu kilichoukata bado kipo. Mimi nafanya hesabu za maduka nikiwa nyumbani Sinza, nyumba ya kupanga, ghorofa ya pili. Ritani za VAT mwisho wake ni tarehe 20, na wateja wangu wana tabia ya kuniletea risiti usiku wa tarehe 19. Kwa hiyo kwangu intaneti si ya tamthilia peke yake, na nimejifunza kuitafuta inakokatikia badala ya kuibembeleza.

Jambo la kwanza ni kujua kama kinachokatika ni wifi au intaneti yenyewe. Watu wanavichanganya kila siku. Wifi ni ile safari fupi kati ya simu yako na ruta. Intaneti ni kuanzia kwenye ruta kwenda nje. Mtandao ukigoma, tazama juu ya kioo cha simu. Alama ya wifi ikiwa imepotea kabisa, ugomvi uko ndani ya nyumba yako. Ikiwa ipo lakini imewekewa alama ya mshangao, simu na ruta wanaelewana vizuri tu, tatizo liko mbele yao.

Mwenye kompyuta ana kipimo kizuri zaidi, na ni cha bure. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha kuanzia, andika cmd, fungua madirisha mawili ya amri. Kwenye la kwanza andika ping -t 192.168.1.1, yaani anwani ya ruta yako. Nyingine hutumia 192.168.0.1 au 192.168.8.1, geuza ruta usome kibandiko cha chini. Kwenye dirisha la pili andika ping -t 8.8.8.8, hiyo ni seva ya Google. Yaache yakimbie ukiendelea na kazi zako, na mtandao ukikatika uyatazame. Ruta ikiacha kujibu, shida ni wifi, au ruta yenyewe imezimika. Ruta ikijibu lakini Google ikanyamaza, shida iko nje. Yote mawili yakijibu na bado kurasa hazifunguki, basi kinachogoma ni DNS, ile huduma inayotafuta anwani za tovuti. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao uweke 1.1.1.1 au hiyohiyo 8.8.8.8. Kuyasimamisha, shika Ctrl na C.

Sasa umeme. Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu, kwa sababu Dar hii nusu ya kesi ninazoitiwa na majirani ni umeme, na wao wameshamtukana mtoa huduma wiki nzima. Dalili yake iko wazi ukiwa na subira ya kutazama: taa zote za ruta zinazima kwa pamoja, kisha zinawaka moja baada ya nyingine, na wifi inarudi baada ya dakika mbili tatu. Intaneti ikikatika huko nje, taa ya umeme haizimi. Ikizima, usimpigie mtu simu. Shika kichwa cha adapta pale kinapoingia kwenye ruta ukitikise kidogo kwa vidole viwili. Jirani wa chini taa zake zilikuwa zinapepesa kila feni ya mezani ilipogeukia upande ule. Upepo wa feni ulikuwa unausukuma waya wa adapta, na tundu lilishalegea. Kama tundu ni zima, angalia ekstensheni. Ile yenye friji, pasi, king'amuzi na chaja tano si mahali pa ruta. Ipe soketi yake ya ukutani.

Adapta ikiwa imechoka, Kariakoo zimejaa, lakini nenda na ya zamani mkononi na usome maandishi yake. Volti lazima zifanane kabisa, nyingi ni 12V. Ampea ziwe sawa au zaidi, zisipungue. Muuzaji akikwambia "hii inaingia tu dada", mjibu kwamba kuingia inaingia, wewe unauliza inatoa ngapi. Kwa wanaokatikiwa umeme mara kwa mara kuna UPS ndogo ya ruta, yaani betri ya akiba, nayo ichaguliwe kwa volti hizohizo. Wenye faiba wakumbuke kwamba mara nyingi viboksi ni viwili, kile cha faiba na ruta; ukikilinda kimoja umefanya kazi nusu.

Kama ni wifi, mtuhumiwa ni ukuta. Nyumba zetu ni tofali za saruji na nguzo za zege zenye nondo ndani, halafu ruta tunaificha nyuma ya televisheni, juu ya king'amuzi kinachochemka. Itoe hapo. Iweke juu, mahali wazi, karibu na katikati ya nyumba, isilale juu ya kitu cha moto, hasa Januari na Februari. Ruta nyingi zina masafa mawili: ya 2.4 GHz yanafika mbali na kupenya ukuta vizuri zaidi, ila ndiyo yanayogombaniwa na majirani wote pamoja na microwave. Ya 5 GHz yana kasi lakini ukuta mmoja wa zege unayanyong'onyeza. Nikifungua orodha ya wifi kwangu naona majina ya jengo zima. Kwenye 2.4 chagua chaneli ya 1, 6 au 11, ile isiyo na watu wengi. Hizo tatu haziingiliani. Kompyuta ya kazi mimi nimeivutia waya tu, nikaachana na mabishano.

Wenye faiba, taa ya kutazama imeandikwa LOS. Ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki kwako. Fuata ule waya mwembamba kutoka dirishani hadi kwenye kiboksi uone kama umebanwa na dirisha la kuteleza au umekunjwa kwa nguvu nyuma ya kabati. Ndani kuna kioo, na mkunjo mkali unatosha kuvujisha mwanga. Unyooshe taratibu uwe na duara pana. Usichomoe kile kichwa cha kijani ukachungulia: ule mwanga hauonekani na unaweza kuumiza jicho. Ukiwa umekatika mtaani, hiyo si kazi yako.

Ruta ya laini ina mambo yake. Isogeze dirisha kwa dirisha huku ukitazama namba ya RSRP, yaani nguvu ya mawimbi ya mnara, kwenye ukurasa wa ruta (ule unaofunguka ukiandika anwani yake kwenye kivinjari). Karibu na -85 ni nzuri, ikishapita -110 tegemea kukatika. Kama inasumbua kuanzia saa mbili usiku tu, mnara umeelemewa. Na kama imelegea kuelekea mwisho wa mwezi, soma masharti ya bando lako "lisilo na kikomo", mara nyingi kikomo kimo humo.

Kuna siku nchi nzima inaumwa, kama Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini. Siku hiyo hata uhamishe ruta hadi jikoni, haisaidii. Waulize watu wa mtandao mwingine kwanza.

Ukishajua ni nje, ndipo upige simu. Usiseme "mtandao unasumbua". Sema: ruta inajibu, 8.8.8.8 haijibu, LOS ni nyekundu, imekatika saa tatu asubuhi na saa kumi jioni. Watakuambia uzime na kuwasha, waambie umeshafanya. Omba namba ya malalamiko uiandike. Wakikuzungusha, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, inapokea malalamiko ya watumiaji, ila kwanza uwe umelalamika kwa mtoa huduma wako, na ushahidi ni namba hiyo.

Fundi akija akasema tayari, usimruhusu aondoke. Mpe soda, fungua yale madirisha mawili ya ping, mtazame wote robo saa.