Kuvundika matunda mpaka yanukie, siyo rangi tu

Naandika hii baada ya kumwelekeza mtu ambaye ndizi na maembe yake yanageuka manjano vizuri kabisa lakini ukiyala hayana ladha. Shida ni kwamba wengi tunaangalia rangi. Rangi, ulaini, sukari na harufu kila kimoja kina vimeng'enya vyake (protini zinazoendesha mabadiliko ya kikemikali ndani ya tunda), na harufu mara nyingi ndiyo inachelewa.

Hatua ya 1: Jua tunda lako
Ndizi, embe, papai, parachichi, tufaha na nyanya yanaendelea kuiva baada ya kuchumwa maana yanajitengenezea ethilini, gesi inayoamsha uivaji. Chungwa, nanasi, zabibu na stroberi usiyavundike, hayaongezi utamu, yanaelekea kuoza tu.

Hatua ya 2: Chukua lililopevuka
Harufu inatengenezwa na malighafi iliyomo ndani ya tunda. Ndizi inachukua asidi amino (kijenzi cha protini) inayoitwa lusini, inaigeuza kuwa alkoholi, halafu kimeng'enya kinaiunganisha na asetili (ile ile iliyomo kwenye asidi ya siki) inapatikana isoamili asiteti, ile harufu ambayo hata ukifumba macho unajua hii ni ndizi. Tufaha linategemea sana mafuta ya kwenye seli zake. Sasa tunda likichumwa changa akiba hiyo ni ndogo, uvundike utakavyo harufu itakuwa hafifu.

Hatua ya 3: Vundika
Mfuko wa karatasi, weka na ndizi moja iliyoiva, kunja mdomo. Plastiki iliyofungwa kabisa mimi siitaki, tunda linapumua, likikosa oksijeni linaanza kuchacha na utasikia harufu ya pombe. Kabaidi, ile kemikali ambayo wengine huivishia matunda, usiiguse kabisa: inatoa gesi ya asetilini ambayo inaiga ethilini, ila ya viwandani mara nyingi ina mabaki ya aseniki na fosforasi.

Hatua ya 4: Joto (hapa ndipo wengi wanaharibu)
Weka sehemu yenye kivuli, nyuzi 18 hadi 24 hivi ni sawa. Ukizidisha joto sana ndizi inalainika ndani huku ganda limebaki kijani. Lakini adui mkubwa ni friji. Ndizi chini ya nyuzi 13 inaumia, ganda linakuwa la kijivu na uivaji unavurugika, na hata ukiitoa hairudi vizuri. Nyanya ndiyo mfano ninaoupenda kwa sababu imechunguzwa vizuri: mwaka 2016 watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Florida walionyesha kwamba nyanya iliyokaa nyuzi 5 kwa siku 7 inapoteza sehemu kubwa ya harufu yake, na kuirudisha kwenye joto la kawaida siku moja hakutoshi, wakati sukari na asidi hazijabadilika kiasi cha kueleza tofauti hiyo. Yaani utamu upo, uchachu upo, ila jeni zinazoamrisha vimeng'enya vya harufu zimezimwa na baridi. Kwa hiyo mtu akikwambia weka friji ili lisiharibike muulize kwanza, limeshanukia? Kama bado, liache nje. Likishaiva kabisa na huwezi kulimaliza leo, sawa liingie, ila litoe mapema kabla ya kula maana tunda la baridi harufu yake haipandi. Na parachichi ni hivyo hivyo, lisiingie likiwa gumu.

Hatua ya 5: Pima
Nusa upande wa kikonyo, siyo ubavuni. Halafu kata kipande, bana pua, tafuna: utapata utamu na uchachu tu. Achia pua ukiwa bado unatafuna, hewa itapanda nyuma ya koo mpaka puani na hapo ndipo unajua hili ni embe au papai. Ukiachia usisikie tofauti yoyote, au ukasikia ubichi kama wa majani, yaliyobaki yarudishe kwenye mfuko mpaka kesho.