Milima miwili jirani kwa siku moja, wewe na mbwa wako

Mlima mmoja ukiwa na mbwa, wengi wetu tunaweza, ila miwili iliyopakana kwa siku moja ni habari nyingine kabisa, na kosa ninaloliona sana ni mtu kupanga safari kwa kupima pumzi zake mwenyewe, mbwa anaingizwa kwenye mpango kama begi tu. Mbwa hatakwambia kachoka. Atakufuata mpaka aanguke maana wewe unaenda, kwa hiyo upangaji wote uanzie kwake.

Kwanza umri na umbo. Kama bado anakua muache nyumbani, mbwa wengi mifupa inakomaa karibu na mwaka mmoja na wale wa mbegu kubwa inafika mwaka na nusu. Mwenye pua fupi iliyobonyea naye simshauri kabisa, kuhema kwenyewe ni kazi kwake hata akiwa tambarare. Wengine wote waanze na mlima mmoja, wazoee, ndo uje kwenye miwili.

Muda sasa. Kuna hesabu ya mpanda milima mmoja wa Scotland, William Naismith, aliitoa mwaka 1892 na hadi leo inasaidia: saa 1 kwa kila kilomita 5, ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Kwenye milima miwili watu wanajichanganya hapa, wanaangalia kile kilele kirefu tu wanasahau kwamba ukishuka pale katikati unaanza kupanda upya. Mfano umepanda mita 700 kufika cha kwanza, ukashuka, ukapanda tena 500 kufika cha pili, hizo ni 1,200, yaani saa 2 za kupanda peke yake, na njia ikiwa kilomita 16 jumla ni saa 5 na dakika 12 bila kukaa chini hata mara moja. Mimi hapo naweka saa 7 na naondoka alfajiri, sababu jua la mchana ndo adui mkubwa wa mbwa. Hatoki jasho kama sisi, anapoza mwili kwa kuhema, na likimzidi utaona ulimi umetoka wote, fizi nyekundu, udenda mwingi, anapepesuka. Ukifika hapo hakuna safari tena, kivulini haraka, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, na ukishaanza kumpoza mtafutie daktari wa mifugo.

Asubuhi usimshindilie chakula. Mpe kidogo saa 2 au 3 kabla, halafu vipande vidogo vidogo njiani, mbwa wakubwa wenye kifua kirefu tumbo linaweza kujaa gesi na kujipinda na hiyo inaua. Chokoleti na zabibu zako kula mwenyewe, kwake ni sumu. Maji beba yenu wote wawili na bakuli la kukunja, usitegemee kijito ambacho umekiona kwenye ramani tu. Hanesi, yaani mikanda ya kuvalisha kifuani, yenye mshikio mgongoni naipenda kuliko kola, kwenye mawe makubwa unamnyanyua bila kumkaba shingo. Bandeji, kibano cha kupe, na tochi hata kama unaamini utarudi mapema.

Kukiwa na mifugo kamba isitoke mkononi. Isipokuwa ng'ombe wenye ndama wakianza kuwakimbiza, hapo iachie, wanamtaka yeye na yeye ana mbio kuliko wewe.

Sasa pale chini kati ya vilele viwili, hapo ndo siku nzima inaamuliwa. Kaa dakika 20 hata kama miguu yako bado inataka kwenda. Mguse nyayo moja moja, zile nyama za chini, changarawe na mawe makali yanazikwangua polepole na yeye anaendelea kutembea tu. Mtazame akilala: pumzi inarudi chini ndani ya dakika chache au bado anahema vilevile? Ukiita anasimama mwenyewe au anakuangalia tu? Jibu likiwa baya mlima wa pili uache, na ndiyo maana kabla ya kutoka nyumbani uwe umeshaiona kwenye ramani njia ya kushukia kutokea hapohapo, siyo uanze kuitafuta na mbwa mgonjwa begani.

Akiwa sawa pandeni, ila kushuka kwa mwisho nendeni taratibu maana mabega yake ya mbele ndo yanabeba uzito mwingi. Mkifika chini mpe maji kidogo kidogo, mpekue kupe masikioni, kwapani na katikati ya vidole. Kesho yake kuamka viungo vimekakamaa kidogo ni kawaida, mtembeze kidogo tu, lakini akichechemea hadi siku ya pili mpeleke akaangaliwe.