Kanisa na kundi la skauti Marekani: namna ya kubadili mkataba bila kuwapoteza vijana

Kwa aliyekulia Kenya au Tanzania, skauti ni jambo la shule: mwalimu ndiye kiongozi, na kundi hukutana uwanjani baada ya vipindi. Marekani mambo hayako hivyo. Huko kila kundi huwa na taasisi inayolishikia mkataba, mlezi wake kisheria, na kwa zaidi ya miaka mia moja walezi wakubwa wamekuwa makanisa. Makanisa ya wazungumzaji wa Kiswahili, hasa ya ndugu waliotoka Kongo, hukutana na karatasi hizi kwa njia mbili: wanarithi jengo ambalo tayari lina kundi, au wazazi wanaomba lianzishwe. Mwongozo huu ni wa wachungaji, wazee na kamati zao.

Makanisa mawili makubwa yamebadili msimamo miaka ya karibuni, na sababu zao hazifanani. Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho lilikuwa la kwanza kuwa mlezi wa skauti nchini Marekani, mwaka 1913. Mwisho wa 2017 liliwatoa vijana wa miaka 14 hadi 18 kwenye programu za skauti, na tarehe 8 Mei 2018 likatangaza kwamba litaondoka kabisa ifikapo 31 Desemba 2019. Waumini wake wengi wako nje ya Marekani, na kanisa lilitaka programu moja inayofaa Utah, yaliko makao yake makuu, na Lubumbashi vilevile. Programu hiyo ilianza Januari 2020, na vijana hujiwekea malengo ya kiroho, kijamii, kimwili na kiakili.

United Methodist Church, kanisa ambalo Wakongo wengi wamelelewa ndani yake, lilibaki na skauti lakini likabadili aina ya mkataba. Chanzo ni kesi. Boy Scouts of America, chama kikuu cha skauti Marekani, iliomba ulinzi wa kufilisika tarehe 18 Februari 2020, na madai zaidi ya 82,000 ya watu waliodhulumiwa kingono utotoni yakafunguliwa. Makanisa yaliyokuwa walezi yaliguswa kwa sababu kwenye karatasi wao ndio waliowaidhinisha viongozi. Wamethodisti walikubali kuchangia dola milioni 30 kwenye mfuko wa wahanga, wakaacha kupendekeza ulezi kamili, na badala yake wakaweka mkataba wa ushirikiano. Tangu Februari 2025 chama chenyewe kinaitwa Scouting America, kwa hiyo msishangae kukuta majina mawili kwenye mafaili.

Aina tatu za mkataba

Mkataba wa ulezi ndio wa zamani, na ndio mzito. Ukitia sahihi, kundi ni la kanisa, kama kwaya au shule ya Jumapili. Mchungaji anamteua mwakilishi wa kanisa, na mwakilishi huyo lazima aidhinishe kila mtu mzima anayetaka kuwa kiongozi. Kundi linahitaji angalau vijana 5, pamoja na mwakilishi, mwenyekiti wa kamati, wajumbe wawili wa kamati na kiongozi wa kundi. Mwakilishi anaruhusiwa kushika pia nafasi kwenye kamati. Kiongozi wa kundi haruhusiwi.

Katika mkataba wa ushirikiano, baraza la skauti la eneo, yaani tawi la chama mahali hapo, ndilo linaloshika ulezi na kuteua viongozi. Kanisa linatoa ukumbi, linawakaribisha vijana ibadani na kuwasindikiza kwenye beji za dini. Cha tatu ni kibali cha kutumia ukumbi: kundi ni mgeni kama kikundi kingine chochote kinachokutana hapo, na kanisa halina neno katika mipango yake.

Ushauri wetu hauna kigugumizi. Kama kanisa halina mtu mmoja mwenye muda wa kuhudhuria angalau kikao kimoja cha kundi kwa mwezi na kumjua kila kiongozi kwa sura na kwa jina, lisichukue ulezi. Kosa linalojirudia ni mchungaji kutia sahihi kila mwaka kwa heshima, akidhani anatoa baraka tu, kumbe anakubali wajibu wa mwajiri. Kibali cha ukumbi peke yake nacho kina hasara: vijana wenu watakuwa wageni ndani ya nyumba yao. Kwa makanisa mengi madogo, ushirikiano ndio unaofaa.

Kubadili mkataba

Anzeni miezi 6 kabla mkataba wa sasa haujaisha. Kazi ya kwanza ni kuutafuta. Mara nyingi nakala iko kwa mchungaji aliyehama, au jina la mwakilishi ni la mtu aliyekwishafariki. Ombeni nakala kutoka baraza la eneo, mwone tarehe ya mwisho na sahihi zilizopo. Kisha ulizeni makao ya kanisa lenu, yaani wilaya, dayosisi au konferensi, ni fomu gani inayoruhusiwa. Methodisti wana fomu yao, na fomu ya jumla haitoshi.

Mali ndiyo inayogombanisha watu. Chini ya ulezi, mahema, majiko, bendera na trela ni mali ya kanisa kwa ajili ya skauti, hata kama wazazi ndio waliochangisha pesa. Andikeni orodha ya kila kitu, idadi na hali yake, watu wawili waisaini, na mkataba mpya useme nani anamiliki nini. Trela iangaliwe peke yake. Kama kadi yake ina jina la kanisa, badilisheni umiliki kwenye ofisi ya magari ya jimbo kabla ya siku ya mabadiliko, la sivyo ajali ya barabarani itawarudia ninyi. Na kama kundi litaendelea kuweka vifaa kwenu, mitungi ya gesi ya propeni isilale ndani ya jengo hata usiku mmoja. Ikae nje, wima, kwenye sehemu yenye hewa na kufuli.

Akaunti ya benki: angalieni inatumia namba ya nani ya kodi. Makundi mengi hutumia ya kanisa. Mkiacha ulezi, kundi lipate namba yake kutoka IRS, idara ya kodi ya Marekani, lifungue akaunti mpya yenye sahihi mbili, pesa zihamishwe kwa hundi moja inayoonekana kwenye taarifa, kisha akaunti ya zamani ifungwe. Ikiachwa wazi, itaendelea kubeba jina la kanisa kwa pesa msizoziona.

Bima isiachwe kwa maneno ya mdomo. Ombeni hati ya bima kutoka baraza, yenye jina kamili la kanisa kama lilivyosajiliwa, anwani ya jengo na tarehe zake. Pelekeni nakala kwa kampuni inayowakatia bima ya jengo na mwulize kwa maandishi kama inawafunika katika aina mpya ya mkataba. Jibu la simu halitawasaidia mahakamani.

Mkataba mpya usainiwe kabla ule wa zamani haujaisha. Kundi lisilo na mkataba hai halipaswi kukutana wala kupiga kambi. Pia ombeni baraza libadilishe jina la mlezi tu, na kundi lenyewe liendelee na namba yake. Kufunga na kufungua upya huleta mkanganyiko kwenye rekodi, na wanaoumia ni vijana.

Rekodi hizo zinabeba miaka ya jasho. Cheo cha Eagle, cha juu kabisa katika skauti, kinahitaji beji 21 za ujuzi, na masharti karibu yote lazima yakamilike kabla kijana hajatimiza miaka 18. Kabla ya mabadiliko, chapisheni rekodi ya kila kijana kutoka kwenye mfumo na mpe mzazi nakala, pamoja na kadi za beji. Hapa kuna jambo linalozigusa familia za wakimbizi: watoto wengi wameandikiwa tarehe 1 Januari kuwa siku ya kuzaliwa kwa sababu karatasi zilipotea. Usajili utafuata tarehe ya kwenye hati. Kijana anayedhani ana hadi Septemba anaweza kujikuta muda wake uliisha sikukuu ya mwaka mpya. Kagueni tarehe za wote wenye miaka 16 na kuendelea, leo.

Ulinzi wa watoto haubadiliki na mkataba

Hata kama kundi ni mgeni, watoto wako chini ya paa lenu. Kila kikao kiwe na viongozi wawili waliosajiliwa wenye miaka 21 au zaidi. Kukiwa na wasichana, mmojawapo awe mwanamke aliyesajiliwa. Mtu mzima hakai peke yake na mtoto, iwe chumbani, kwenye gari au kwa ujumbe wa simu. Tangu Septemba 2023, mtu mzima yeyote anayelala kambini lazima awe amesajiliwa, isipokuwa mzazi au mlezi anayelala na mtoto wake mwenyewe kwenye kambi ya Cub Scouts, yaani skauti wadogo, na usajili unadai mafunzo ya ulinzi na uchunguzi wa rekodi ya uhalifu. Nje ya hali hiyo, baba asiyesajiliwa aliyekuja kusaidia kupika na akaamua kulala amevunja kanuni, hata awe mzee wa kanisa.

Kwetu, kumtilia shaka mtu mzima anayeheshimika huonekana ni utovu wa adabu. Lielezeni hili wazi, kwa Kiswahili, mbele ya wazazi wote: ukiona au kusikia dalili ya dhuluma, ripoti kwanza kwa polisi au ofisi ya ulinzi wa watoto ya jimbo, siku hiyohiyo. Msiliite kwanza baraza la wazee kusuluhisha.

Wazazi pia waelezwe fomu za afya. Sehemu A na B ni za kila shughuli. Sehemu C, inayosainiwa na mhudumu wa afya, ni ya safari zinazozidi saa 72. Miadi ya daktari huchukua wiki kadhaa, kwa hiyo fomu za kambi ya Julai zianze Aprili.

Mkiamua kuondoka kabisa

Tangazeni mapema. Watakatifu wa Siku za Mwisho waliacha karibu miezi 20 kati ya tangazo na mwisho. Kanisa dogo lisipunguze chini ya 6. Tafuteni makundi mawili ya karibu, peleka familia zikayaone, kisha hamisheni usajili wa kijana mmoja mmoja. Familia isiyo na gari haitafika kundi lililo maili 10 mbali, kwa hiyo pangeni usafiri kabla hamjasaini barua ya kujitoa. Wanaobaki kwenye kipindi cha vijana cha kanisa nao wanahitaji siku, ukumbi na viongozi wawili kuanzia wiki ileile skauti inapokoma.