Kununua meza ya Platner ya zamani: anza na chuma, kioo baadaye

Meza ya fito za chuma na kioo aliyoibuni Mmarekani Warren Platner kwa kampuni ya Knoll iliingia sokoni mwaka 1966, na hadi leo inatengenezwa. Ndiyo maana utakuta za zamani, mpya na za kuiga, zote zikiuzwa kwa jina la miaka ya 60.

Hatua ya 1: Toa kioo. Kishikeni watu wawili, mkilaze juu ya blanketi. Muuzaji asiyetaka kioo kitolewe, mwache na meza yake.

Hatua ya 2: Kagua fito. Hapa usiwe na haraka. Kila ufito umechomelewa kwenye pete za chuma, na uzuri wote wa meza hii umo humo. Pitisha kidole kiungo kwa kiungo, ukizunguka meza nzima. Ufito ulioachia hucheza ukiusukuma. Kisha chutama, utazame nafasi kati ya fito: nafasi zisipolingana, meza iligongwa au ilirekebishwa. Baadaye isogeze kwenye mwanga wa jua. Nikeli, madini ambayo meza nyingi halisi hupakwa, ina umanjano wa mbali. Kromu, ambayo nakala nyingi hupakwa, huelekea ubuluu. Nikeli iliyofifia mimi naipenda, ni umri wake huo. Iliyovimba iogope, chini yake kuna kutu.

Hatua ya 3: Tazama kitako. Ukikuta sahihi ya Platner imegongwa kwenye chuma, meza ni halali lakini ni ya toleo la karibuni. Usiilipie bei ya ukongwe. Lebo za karatasi za zamani hubanduka, kwa hiyo kukosekana kwake kusikutishe. Na iliyopakwa dhahabu si ya miaka ya 60 hata kidogo: ilitolewa meza hii ilipotimiza miaka 50.

Hatua ya 4: Pima kioo. Meza ya chini ya sebuleni huwa na kipenyo cha sentimita 91 au 107. Mikwaruzo ni kawaida. Ukingo ukiwa umemeguka, omba upunguziwe bei. Fundi wa vioo atakukatia kingine.

Hatua ya 5: Safisha. Maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, kitambaa laini, kisha kausha kila kiungo. Stilwaya isiguse nikeli. Wala usikubali fundi aipake kromu ing'ae: ngozi yake ya kwanza ikishaondoka, hairudi, na wakusanyaji wenzako watalitambua hilo mara moja.