Edinburgh mwezi wa Desemba: anza na mambo ya nje

Ukienda Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti, mwezi wa Desemba, kumbuka jua linachomoza kama saa tatu kasorobo asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni. Kwa hiyo kilima cha Calton Hill kipande mapema. Hakuna kiingilio, na kutoka juu unauona mji wote pamoja na ngome yake. Upepo wa pale unakata masikio kwelikweli, vaa kofia ya sufu. Vidole vikifa ganzi, ingia jumba la makumbusho la National Museum of Scotland, nalo ni bure. Soko la Krismasi la kwenye bustani ya Princes Street Gardens nenda giza likishaingia, taa ndizo raha yake. Ukibaki hadi Mwaka Mpya, nunua chakula mapema: Uskoti, Januari 1 na 2 zote ni sikukuu.